Jumba Lililovunjwa kwa Jina Lake

Kontena lile lilifunguliwa Jumatano asubuhi, na kabla adhuhuri haijaingia Paskazia alikuwa ameshajua kwamba mwanamume aliyemsubiri kwa miaka minne alikuwa amemdanganya.

Ilikuwa Agosti, mwezi ambao Jebel Ali, bandari ya Dubai, huchemka tangu alfajiri. Paskazia alikuwa mkaguzi wa mizigo katika ghala moja karibu na bandari. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni kontena linapofunguliwa, kulinganisha kilichomo na kilichoandikwa kwenye makaratasi, kisha kutia saini. Bila saini yake mzigo haukutoka. Karatasi za siku hiyo zilisema mbao chakavu kutoka Dar es Salaam, na mpokeaji alikuwa mwenye mgahawa mkubwa uliokuwa ukijengwa mjini. Hakuona ajabu. Dubai hununua kila kitu.

Sili ya kufungia kontena ilipokatwa na milango kufunguliwa, harufu ndiyo iliyomfikia kwanza: mvule mkavu, vumbi la zamani na mavi ya popo. Alishtuka bila kujua kwa nini. Kisha foklifti ikatoa kipande cha kwanza, ukingo wa roshani uliopinda kama upinde, na juu yake pamechongwa mashada ya zabibu. Ila hazikuwa zabibu. Zilikuwa kuyu, matunda ya mkuyu, yaliyobanana kwenye kikonyo kimoja kwa namna ambayo hayajawahi kubanana kwenye mti wowote.

Duniani palikuwa na jumba moja tu lenye zabibu za namna ile. Babu yake Paskazia ndiye aliyezichonga. Mzungu alimwagiza achonge zabibu, naye hakuwa amewahi kuziona hata siku moja, akachonga alichokijua.

Alikisogelea kipande kile, akachungulia nyuma yake. Palikuwa na maandishi ya penseli: RK 4. Roshani, kushoto, kipande cha nne. Mwandiko ule aliujua kama anavyoijua sauti ya mwenye nao. Na utaratibu wa namba aliujua zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeubuni.

Aliwaambia wapakuzi waendelee. Wakatoa nguzo za jukwaa. Wakatoa mbao za dari, zikiwa zimefungwa kumikumi. Wakatoa milango miwili mirefu ambayo alikuwa akiifungua na baba yake kila asubuhi tangu alipokuwa hajafika hata kwenye kitasa chake. Jumba zima la opera la Nyabusenga lilishushwa mbele ya macho yake, likalazwa juu ya sakafu ya saruji, na yeye akawa anaweka alama ya vema kwenye karatasi kwa sababu mkono ulikuwa umezoea.

Nyabusenga ni mji mdogo wa dhahabu, upande wa kusini wa ziwa. Ulianza kama kambi ya mahema, ukapata barabara, zahanati na mashine za kusaga mawe. Meneja wa mgodi wakati huo alikuwa Mwingereza mmoja aliyemleta mkewe kutoka kwao, mwanamke aliyekuwa mwimbaji wa majukwaani. Yule mama aliapa kwamba hatakaa masika ya pili mahali ambapo hana pa kuimbia. Basi mumewe akamjengea. Aliwaita mafundi wa Kihindi kutoka Mwanza na wachongaji wa vijiji vya jirani, wakajenga ukumbi wenye umbo la kwato ya farasi, sakafu yake ikiteremka polepole kuelekea jukwaani, na roshani ikizunguka pande tatu. Tatizo lilikuwa mabati. Mvua ya ziwa ikinyesha juu ya bati, hata kengele ya kanisa haisikiki. Fundi mkuu akaweka dari ya mvule, na kati ya dari na mabati akashindilia katani na maranda mpaka unene wa dhiraa moja. Mvua ilinyesha huko juu, na chini mtu aliweza kunong'ona akasikika.

Bibi yule aliimba misimu miwili, akaondoka kwa meli, hakurudi. Jumba likabaki. Wazungu waliliita opera, watu wa mji wakaliita Obera. Wachimbaji hawakuruhusiwa kuingia. Walisimama nje chini ya madirisha ya hewa, wakasikiliza. Babu yake Paskazia, aliyezichonga zile zabibu, aliusikia wimbo wa kwanza akiwa nje, mgongo ameuegemeza ukutani.

Mgodi ulipofungwa, jumba lilipita mikono mingi. Likawa senema, likawa ghala la pamba, likawa mahali pa kwaya ya parokia kufanyia mazoezi na watu kufanyia harusi. Mwisho funguo zilibaki kwa baba yake Paskazia, Mzee Ignatius, ambaye hakuajiriwa na mtu yeyote. Kila asubuhi alifungua milango ili jumba livute hewa, na kila jioni akaifunga.

Ndipo akaja Elias.

Alikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo, mwembamba, mwenye macho ambayo yakikutazama unahisi umepimwa urefu na upana. Alikuja kulichora Jumba la Obera kwa ajili ya shahada yake. Alihitaji mtu wa kumshikia upande wa pili wa utepe wa kupimia, na Paskazia akaushika, miezi miwili mizima. Paskazia ndiye aliyesema wahesabu vipande kuanzia jukwaani, kushoto na kulia, ili hata jumba likianguka siku moja mtu aweze kulisimamisha. Elias alicheka, akasema hiyo ndiyo akili ya mwenye nyumba.

Siku moja Elias alipanda safu ya mwisho ya roshani, akamwambia asimame jukwaani aseme kitu chochote kwa sauti ya chini kabisa. Alitaka kuijaribu dari. Paskazia alisimama, akakosa la kusema, akanong'ona, "Unanipenda?"

Kisha kutoka juu, bila kupaza sauti, Elias akajibu, "Tangu wiki ya kwanza."

Mshenga alipokuja, Mzee Ignatius alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akakataa. Hakutukana wala hakupandisha sauti. Alimwambia binti yake baadaye kwamba kijana yule anakipenda kitu wakati bado anakipima, na kikishapimwa hana hamu nacho. Paskazia hakumsamehe. Walikaa wiki tatu katika nyumba moja wakisalimiana tu, na wiki ya nne akapata nafasi ya kazi Dubai, akaondoka. Yeye na Elias walikubaliana hivi: Elias angetafuta watu wa kulikarabati jumba, na mzee akiona jumba limesimama vizuri kwa mkono wa yule aliyemkataa, moyo wake ungelainika. Paskazia angesubiri. Na alisubiri. Alikataa wanaume wawili wa maana. Simu za Elias zilimwambia kwamba mambo yanakwenda, na mwezi Mei alimtumia picha ya mafundi wamejipanga juu ya paa. Paskazia aliitazama picha ile kila siku, ndani ya basi la wafanyakazi, akiamini wanaezeka.

Walikuwa wanaezua.

Msimamizi wa ghala, Nassir, Mzanzibari mtu mzima aliyeishi Dubai miaka mingi kuliko alivyoishi Unguja, alimkuta amesimama katikati ya mbao. Alimpa habari kwamba mwakilishi wa mwenye mzigo yuko njiani, fundi wa Kitanzania, anakuja kuhakikisha hakuna kilichovunjika.

"Anaitwa nani?" Paskazia aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

Nassir alitazama simu yake. "Elias."

Kwa miaka minne alikuwa ameupanga mkutano wao. Katika mawazo yake ulikuwa uwanja wa ndege, yeye amevaa gauni lake la bluu, nywele amesuka, Elias anatoka na begi moja, anasimama, anamtazama kwanza bila kusema. Ulikuja kuwa mkutano wa mchana, yeye akiwa na kofia ngumu na koti la kung'aa, jasho likimtiririka shingoni. Elias aliingia kwa mlango wa upande. Alikuwa amenenepa kidogo, amefuga ndevu fupi, zinampendeza. Alizitazama mbao kwanza, kisha akamwona.

Kilichomuumiza Paskazia ni kwamba moyo wake uliruka. Uliruka kama mjinga, kabla akili haijaufikia.

"Paska," Elias alisema.

Alitaka kumkaribia, akaona uso wake, akasimama. Paskazia alimwambia kwa sauti ya kazini kwamba wapakuzi wanakwenda kula na wao wawili wana nusu saa. Wakatoka nje, wakakaa kwenye benchi la kivulini nyuma ya ofisi, katikati yao nafasi ya mtu wa tatu.

Elias ndiye aliyeongea. Alisema amefika siku tatu zilizopita. Alisema alijua Paskazia anafanya kazi Jebel Ali lakini hakujua ni ghala lile, na kwamba alikuwa amepanga kumtokea Ijumaa huko Discovery Gardens, mtaa aliokuwa akiishi, amshtue, amweleze yote kwa utulivu. Alisema jumba lilikuwa limeoza. Mchwa walikuwa wamekula nguzo za nyuma, paa lilikuwa linavuja, na watu wa mji walikuwa wameanza kunyofoa mbao kwa ajili ya kuni. Aliwatafuta wa kulikarabati kila mahali, hakuna aliyemfungulia mlango. Kisha akatokea mwenye mgahawa huyu, aliyeziona picha akazipenda, akataka ukumbi mzima uje usimamishwe Dubai, watu wale chakula chini ya dari ile. Na fundi wa kuusimamisha na kuutunza awe Elias, mkataba wa miaka miwili, na nyumba ya kukaa.

"Nyumba ya vyumba viwili, Paska. Imeandikwa kwamba naweza kukaa na mke." Alimgeukia. "Nimekufuata. Kila nilichokifanya ni kutafuta njia ya kufika ulipo."

Paskazia alijitazama mikono. Hasira ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kishawishi. Alikiona chumba kile. Aliliona dirisha lake na pazia la kuchagua mwenyewe, asubuhi ambazo hatalazimika kuamka katika chumba cha wanawake sita. Angeweza kusema ndiyo, na mbao zikaenda zao.

"Baba alikupaje funguo?" aliuliza.

Elias alisema mzee alielewa hali. Kisha akasema wapakuzi wanarudi.

Jioni, saa kumi na moja, Paskazia alikaa kitandani kwake Discovery Gardens, akampigia baba yake. Wangari, Mkenya aliyelala kitanda cha juu yake, alikuwa akifunga vifungo vya sare ya ulinzi tayari kwa zamu. Alipoona uso wa mwenzake, alipunguza mwendo, akakaa karibu bila kuuliza.

Mzee Ignatius alipokea kwa furaha. Aliuliza joto, akauliza kazi, akauliza kama anakula. Kisha akauliza mwenyewe, kabla binti yake hajapata pa kuanzia: jumba limefika?

"Limefika, baba."

"Halikuvunjika njiani?"

"Halikuvunjika."

Mzee alishusha pumzi. Akaanza kueleza. Siku ile Elias alipokuja na malori, alisema, alikuwa tayari kulala mlangoni asipite mtu. Lakini kijana akamwambia kwamba aliyetaka ni Paskazia. Kwamba Paskazia huko Dubai amepata watu watakaolitengeneza jumba upya, kila ubao utibiwe mchwa, kisha lirudishwe Nyabusenga. Kwamba Paskazia alikuwa anaona haya kumwomba baba yake, kwa jinsi walivyoachana.

"Nikasema basi, mwanangu ananitafuta," Mzee Ignatius alisema. "Nilikukatalia kitu kimoja maishani ukaenda mbali. Sikutaka nikukatalie cha pili. Nikampa funguo kwa mikono miwili."

Paskazia aliziba mdomo kwa kiganja. Wangari alimshika bega.

"Mama, unanisikia?" mzee aliuliza. "Nilifanya vizuri?"

Kulikuwa na majibu mawili tu. Moja lilikuwa la kweli, na lingemkuta mzee wa miaka sabini na nne amekaa peke yake mbele ya uwanja mtupu, akijua kwamba ameutoa mwenyewe urithi wa baba yake kwa maneno ya uongo. Alilitafuta lile la pili, akalisema.

"Ulifanya vizuri, baba. Ni mimi niliyetaka."

Alipokata simu alimweleza Wangari yote, kwa kukatakata. Wangari alisikiliza, akavaa kofia yake, akasema, "Wewe na huyo mzee mmeibiwa na mtu mmoja. Na bado unamtetea kwa kunyamaza." Hakungoja jibu, gari la zamu lilikuwa chini. Lakini mlangoni aligeuka, akasema kwa upole kwamba hata yeye pengine angenyamaza.

Alhamisi asubuhi Paskazia alifika ghalani kabla ya wenzake. Nassir alikuwa ameshaweka fomu ya ukaguzi mezani.

"Karatasi yasema mbao chakavu," Nassir alimwambia. "Wewe wasemaje?"

Paskazia aliomba muda mpaka saa sita. Nassir akampa.

Elias alikuja saa nne. Alikuta Paskazia amesimama karibu na mbao za dari, amevua kofia. Safari hii hakumwongoza nje.

"Ulimwambia baba yangu kwamba ni mimi niliyetaka."

Elias hakukana. Paskazia alikuwa amejiandaa kwa kukana, akakosa cha kushindana nacho.

"Ningemwambia nini?" Elias alisema. "Mimi asingenipa hata msumari. Wewe angekupa chochote."

"Ndiyo maana ukatumia jina langu."

"Nilitumia jina la mke wangu."

"Mimi si mke wako."

"Kwa sababu yake! Kwa sababu yake, Paska. Na wewe mwenyewe ulisema nini kwenye simu mwezi wa tatu? Ulisema hata ukirudi Tanzania hutarudi Nyabusenga. Ulisema jumba lile limekula maisha ya baba yako na ungependa siku moja uamke usikie limeanguka. Nilikusikia kwa masikio yangu."

Alikuwa amesema. Paskazia alikumbuka hata alipokuwa amekaa, ngazi za jengo lao, siku ya mapumziko, akiwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Alikuwa amesema yote yale, na wakati akiyasema aliyaamini.

"Nilisema," alijibu. "Nilikuwa na uchungu, nikamwambia mtu ninayempenda. Mtu akikuambia amechoka na mzazi wake, unamletea maji, Elias. Huendi ukamvunjia mzazi wake nyumba."

Elias alikaa juu ya furushi la mbao, akaushika uso wake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mwanzoni alikusudia kweli kulikarabati. Alizunguka mwaka mzima na ile michoro yao. Kila ofisi aliyoingia waliisifu michoro, hakuna aliyelitaka jumba. Kisha mtu mmoja akalitaka. Na akaona njia imefunguka, mwishoni yuko Paskazia, na katikati kuna uongo mmoja tu. Alidhani wakishaoana watauchekea.

"Uliponitumia ile picha ya paa," Paskazia alisema, "ulijua naiangaliaje?"

"Nilijua."

"Ukalala?"

Elias alinyanyua macho, na macho yale yalikuwa yamejaa, na Paskazia akaona kwamba anampenda kweli, kwamba hilo halikuwa la uongo hata siku moja. Angepata nafuu kama lingekuwa uongo. Alitamani kuinama amshike kichwa. Alibaki alipo.

"Twende pamoja," Elias alisema. "Saini tu. Karatasi inasema mbao, na mbao ndizo. Jumba litasimama, Paska, zuri kuliko lilivyokuwa. Utaliona kila siku. Ukikataa wataniuliza kibali cha kutoa mali ya kale, na sina. Watanirudisha. Tutakuwa tumepoteza kila kitu, mimi na wewe."

"Na babu yangu?"

"Babu yako amekufa."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja kipimo. Lakini Paskazia alisikia humo sauti ya baba yake, ile iliyosema juu ya mtu anayependa kupima, na akaichukia sauti ile kwa kuwa ilikuwa na haki. Alivaa kofia yake, akaenda ofisini.

Aliandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Aliandika kwamba mzigo si mbao chakavu. Kwamba ni roshani, dari, jukwaa na milango ya jumba la opera lililojengwa mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nane katika mji wa mgodi wa Nyabusenga, Tanzania, na kwamba hauna kibali cha kutoka nchini mwake. Nassir aliisoma fomu mpaka nukta ya mwisho, akamtazama juu ya miwani, akamuuliza kama anamjua mtu huyu. Akajibu kwamba anamjua. Nassir akamuuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba hana, lakini ameshaandika. Akasaini.

Wakaguzi walikuja Ijumaa. Jumapili mwenye mgahawa alijitoa, akasema aliuziwa mbao na hataki maneno. Amri ikatoka kwamba mzigo urudi ulikotoka, na aliyeuleta aondoke nchini na asirudi. Wiki mbili baadaye mbao zilipakiwa tena. Elias aliruhusiwa kuja kuhakiki upakiaji. Alifanya kazi kwa bidii isiyokuwa na sababu, akiweka magunia kati ya vipande vilivyochongwa, akiwaonyesha wapakuzi kwa mikono, yalla, haya, huku, taratibu. Hakumtazama Paskazia mpaka sili mpya ilipofungwa.

Walisimama kando ya kontena, jua likiwa utosini.

"Umemwambia mzee?" Elias aliuliza.

"Sijamwambia. Anadhani limetengenezwa na sasa linarudi. Anajua wewe ndiye unayelirudisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukweli utamuua, na wewe hautakuua." Alinyoosha mkono kwenye kontena. "Utalisimamisha, Elias. Kila ubao mahali pake, namba unazo. Na utakula kwake na kumwitikia akikushukuru. Hiyo nakuachia."

"Nikilisimamisha," Elias alisema, "nikalimaliza, utakuja?"

Paskazia alimtazama kwa mara ya mwisho, kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kubeba kitu bila kukigusa. Alimwona alivyokuwa safu ya mwisho ya roshani, kijana, hana ndevu. Akamwambia gari lake linamsubiri. Elias aliinamisha kichwa, akaenda. Hakugeuka, na Paskazia alimshukuru kwa hilo, kwa sababu angegeuka angemkimbilia.

Mvua za vuli ziliisha, mwaka ukageuka. Simu za Mzee Ignatius zikawa nyingi kuliko zamani, na zote zilikuwa za habari moja. Nguzo zimesimama. Jukwaa limerudi. Elias amewafundisha wanakwaya kumi na wawili kazi ya useremala, na wanawake wa parokia wanasuka katani ya kujaza juu ya dari. Elias haendi mjini, hanywi, hacheki sana. Anafanya kazi kama mtu anayetumikia adhabu, mzee alisema, akasifu. Alikuwa amempa chumba cha Paskazia alale, maana kijana hawezi kulala kwenye turubai.

Machi, siku ya mapumziko, Wangari akiwa anapika ugali kwenye jiko la pamoja na madirisha yote yamefunguliwa, mzee alipiga tena. Sauti yake ilikuwa ya sherehe. Alisema ana jambo ambalo mzazi halisemi kwa urahisi.

"Nilimkosea yule kijana," alisema. "Nilimpima vibaya. Nimekaa naye miezi, nimemwona. Mwanangu, yule mwanamume uliyemchagua nimemkubali. Njoo nyumbani niwaozeshe. Nimeshamwambia padri."

Paskazia aliuegemea ukuta wa kibaraza. Chini, watoto wa Kifilipino walikuwa wakiendesha baiskeli kuzunguka bustani kavu. Maneno yale aliyaomba kwa Mungu miaka mitano. Aliyapigia magoti. Sasa yamekuja, na hakuweza kumweleza mzee kwa nini yanaunguza, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga mlango wa kuyaeleza.

"Yeye amesemaje?" aliuliza.

"Elias? Amelia. Akasema hastahili. Mtu mwema ndivyo asemavyo."

"Ndiyo, baba."

"Basi unakuja lini?"

Alisema kazi ni nyingi kipindi hiki, wakubwa hawampi ruhusa, pengine mwakani inshallah. Mzee alisikitika kidogo, kisha akamsamehe, akasema kazi ni kazi. Akamwombea baraka, na nyuma ya sauti yake Paskazia alisikia nyundo ikigonga, taratibu, kwa kipimo. Alisikiliza mpaka simu ikakatika.

Kesho yake asubuhi alimfuata Nassir ofisini. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uliofuata, na kila mtu ghalani alijua kwamba hataongeza, kwamba anakwenda kuolewa. Nassir alikuwa ameshaanza kutafuta mkaguzi mwingine.

Aliomba fomu ya kuongeza miaka miwili. Nassir aliitoa kwenye droo, akampa kalamu, naye akasaini akiwa amesimama.

"Na harusi?" Nassir aliuliza.

"Nimechelewa, mzee wangu," Paskazia alisema, akachukua kofia yake. Nje foklifti ilikuwa imeshafika mlangoni na kontena la kwanza.